Kipande cha Reli cha Ngowa

Mwalimu Dena alijua. Afadhali hilo lisemwe mapema, maana baadaye walitokea watu wa kumtafutia udhuru: mara mtu akikaa darasani miaka thelathini na mitano husahau ya kwao, mara nyasi zilikuwa ndefu na jua kali. Nyasi zilikuwa fupi. Jua lilikuwa la saa tatu asubuhi. Alikiona kitambaa kilichofungwa shingoni mwa kile chuma, akakiona na kifuu cha nazi kilichofukiwa nusu pale chini yake, na hakuna Mgiriama aliyelelewa na bibi yake asiyejua vitu viwili hivyo vikiwa pamoja vina maana gani. Alijua, na akachukua.

Chanzo chake ni chama. Chama cha Kumbukumbu cha Kilifi kilikuwa na wanachama kumi na mmoja daftarini na watano mikutanoni, isipokuwa siku za biriani ambapo walikuwa kumi na mmoja na wake zao. Kilikutana katika ukumbi mdogo huko Mnarani. Mwenyekiti alikuwa Bi Mahfudha, mkutubi mstaafu ambaye wazee wake walitoka Pate, mwanamke wa kukumiminia kahawa kwa mkono mmoja na kukusahihishia barua kwa mkono wa pili. Katibu alikuwa Mwalimu Dena mwenyewe, aliyefundisha historia tangu nywele zikiwa nyeusi. Walikusanya picha za kale, majina ya mitaa, habari za kivuko kabla ya daraja. Ukutani, ndani ya fremu, walitundika barua waliyoiandika miaka minne nyuma kudai vigango, zile nguzo za mti wanazosimamishiwa wazee waliokufa, vilivyoibwa vijijini na kuuzwa ng'ambo virudishwe. Barua hiyo iliandikwa na Dena. Ilikuwa na sentensi moja ambayo watu waliipenda wakaikariri: "Kigango si pambo wala bidhaa, kigango kina wenyewe."

Mwaka jana chama kiliamua kuadhimisha reli ndogo. Zamani za ukoloni, shamba kubwa la mkonge kusini ya hori lilitandaza reli nyembamba, upana wake hatua moja ya mtu mzima, ya kupitishia toroli za majani ya mkonge kutoka shambani hadi kiwandani. Toroli hizo zilisukumwa na vibarua. Kwenye mteremko zilijiendea zenyewe, na kibarua mmoja alisimama nyuma akikanyaga breki ya mti. Reli iling'olewa zamani, na waliowahi kusukuma toroli zake wengi wao wako chini ya ardhi.

Dena alikuwa ameandika kijitabu juu yake, kurasa arobaini, kazi ya miaka sita. Akaenda nacho kwenye semina Mombasa, na huko bwana mmoja mwenye tai akakipekua kwa kidole kimoja, akasema, "Nyinyi watu wa Kilifi mna historia ya kila kitu isipokuwa reli. Ushahidi uko wapi?" Ukumbi mzima ukacheka. Dena naye akacheka, kama mtu anavyocheka akijikwaa mbele za watu, lakini kicheko kile alirudi nacho nyumbani na hakikumtoka. Kwenye mkutano uliofuata, hajaulizwa na mtu, alisimama akasema atakileta kipande cha reli ile, na kitasimamishwa mbele ya ukumbi huu, na bwana mwenye tai ataalikwa aje akiguse.

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Miezi minane Dena alitafuta. Vyuma vya reli vilikuwa vimekwenda zamani kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Aliambiwa kipo kipande Kuruwitu kimeegemezwa banda la mbuzi. Akaenda hadi huko, na kufika akakuta ni bomba la maji. Wanachama wakaanza kumwita Bwana Bomba, kwa mapenzi tu, lakini mapenzi mengine yanauma. Siku ya sherehe ilikuwa imeshapangwa na kadi zimeshachapishwa.

Ndipo mchunga mbuzi mmoja akamwambia kuwa nyuma ya mashamba, upande wa Takaungu, yako mahame ya watu waliohamishwa, na katikati yake kuna chuma kimesimama chenyewe. Dena akamchukua Jimmy, fundi wa kuchomelea mageti, na pikapu yake, wakaenda.

Walikikuta. Ni reli, hapana shaka, na urefu wake wamfika mtu kifuani. Ilikuwa imesimamishwa wima pale palipokuwa uwanja wa nyumba, na kileleni pana mikato mitatu ya tupa, miwili juu na mmoja chini. Jimmy alisimama mbali kidogo, sururu begani.

"Mwalimu," alisema, "hii si ya watu?"

Hapo ndipo palipokuwa njia panda. Dena angeweza kusema, "Ndiyo, ni ya watu, turudi." Moyo wake uliyasema hayo, tena kwa sauti ya bibi yake. Lakini alikiona kile kidole cha yule bwana kikipekua kurasa, akasikia na ukumbi ukicheka, akasema, "Ni ya historia, Jimmy. Chimba." Kisha, Jimmy alipokuwa ameinama, alikifungua kile kitambaa, kipande chekundu kilichopauka kwa jua, akakitia mfukoni haraka. Kifuu akakisukumia kichakani kwa kiatu. Mtu asiyejua hafichi. Kiatu kile ndicho kilichomshtaki baadaye, kila alipolala, kuliko hata mikono yake.

Mnarani walimpokea kama bwana harusi. Jimmy akakisugua kile chuma, akakipaka rangi ya fedha, akakisimamisha kwenye zege mbele ya ukumbi. Bi Mahfudha akakizunguka mara mbili, mikono nyuma.

"Kilikuwa wapi, Mwalimu?"

"Kwenye mahame, Bi Mahfudha. Nyuma ya mashamba."

"Hakina mwenyewe?"

"Hakina," alisema Dena, na uso wake ukapata moto hadi masikioni.

Jioni ile mkewe, Emily, alikuwa akikagua mifuko kabla ya kufua suruali. Akatoa kile kitambaa, akakiweka juu ya meza.

"Hiki umekitoa wapi?"

"Cha kufutia mikono tu."

Emily alikuwa mama wa kwaya, mtu wa kanisa hata Jumatano, lakini alizaliwa Ganze, na yeye pia alilelewa na bibi. "Mimi sikifui," alisema, akaondoka na beseni lake. Dena akakirudisha mfukoni. Angeweza kukichoma moto, lakini hakuthubutu. Tangu siku hiyo kila alipobadilisha suruali alikihamisha, na hakujua mwenyewe kwa nini.

Huenda angeizoea aibu yake, maana watu huzoea mengi. Lakini wiki mbili kabla ya sherehe, Bi Mahfudha alipata daftari la zamani la vibarua wa shamba, lililotunzwa na familia ya karani mmoja. Akalisoma jina kwa jina, kama alivyosoma kila kitu. Kwenye ukurasa mmoja pameandikwa: Ngowa wa Mwaro, mtu wa breki, amekufa kazini. Bi Mahfudha hakulala juu ya jambo hilo. Akauliza huku na huku, akapata kuwa binti yake yuko hai, anaitwa Kache, anaishi Kibarani kwa mjukuu wake Nelly. Akampigia Nelly simu siku hiyo hiyo.

"Nimeshamwambia yule binti kuwa utakwenda kumwalika bibi kwa heshima zote," alimwambia Dena. "Mtu hualikwa kwa mdomo, haalikwi kwa kadi. Na wewe ndiye unayejua lugha yao. Jina la babake litasomwa, naye ndiye atakayefunua kile chuma."

Dena alisema ni wazo zuri. Alisema hivyo akiwa bado hajaunganisha mambo, au labda ameshayaunganisha lakini hataki kuyatazama.

Alikwenda Jumanne ya wiki ile ile ya sherehe. Kache alikuwa amekaa kwenye mkeka kivulini mwa nyumba akichambua kunde, mwanamke mwembamba wa karibu miaka themanini, macho mazima, masikio mazima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ndiwe mwalimu wa reli? Karibu. Nelly, mletee mwalimu kiti." Akamtazama hadi alipokaa. "Basi na mimi nilikuwa nikimtafuta mtu kama wewe. Mulungu amekuleta."

Dena akaanza kueleza habari za sherehe, lakini bibi alikuwa na lake na hakungoja zamu.

"Baba alikuwa mtu wa breki," alisema. "Siku hiyo mvua imenyesha, mti ukateleza, toroli ikampita juu. Walimzika huko huko shambani, haraka haraka, hata mama hakuonyeshwa. Baadaye pakapandwa mkonge juu yake. Mimi nilikuwa kasichana ka kuchota maji. Baba alipoanza kumjia mama usingizini, wazee wakasema achongewe mti, asimamishiwe koma nyumbani, apate pa kukaa. Wenzake wa toroli ndio waliosema, mti wa nini, huyu ni mtu wa chuma. Wakakata kipande cha ile reli iliyomwua, wakakibeba mabegani, wakakitia mikato mitatu kwa tupa. Macho mawili na mdomo."

Dena aliziangalia kunde. Zilikuwa kunde nzuri, nyekundu, zimechambuliwa vizuri.

"Shamba lilipotanuliwa tukahamishwa. Lakini koma hahami, mwalimu, hilo unalijua."

"Nalijua, mama."

"Watu ndio wanaohama. Kwa hiyo kila tukivuna mahindi mimi nakwenda. Namfungia kitambaa kipya, nammwagia tembo la mnazi kidogo, namwambia nani kazaliwa na nani katutoka. Ilikuwa kazi ya ndugu zangu, lakini wanaume wote wamekwisha, nimebaki mimi. Sasa mwezi uliopita nimekwenda nimekuta shimo. Nilidhani nimepotea njia. Nimekaa pale hadi Nelly akanifuata."

"Pole, mama," alisema Dena. Neno hilo lilimtoka likiwa kavu.

"Wezi wa chuma chakavu, wanasema. Mimi sisemi. Kikulacho ki nguoni mwako. Mtu wa mbali angekijuaje?" Akaacha kuchambua. "Alikuwa akinijia amekaa, mwalimu. Tangu siku hiyo ananijia amesimama, kama mtu aliyefika kwa watu asipewe kiti."

Dena alikuwa kwenye kiti. Alikalia ukingo wake, na mkono wake, bila kutumwa, ulikwenda kwenye mfuko wa suruali ukakigusa kitambaa. Hapo ndipo aliposhuka chini kabisa, na kumbe bado palikuwa na chini zaidi.

"Nataka uniandikie barua kwa chifu," alisema Kache. "Nelly anaandika, lakini anaandika kama wa simu. Wewe ni mtu wa barua. Nimesikia ndiwe uliyewaandikia Wazungu kuhusu vigango."

Nini angesema? Angesema sina kalamu, na kalamu mbili zilikuwa mfukoni mwa shati. Nelly akaleta karatasi, na Mwalimu Dena akaandika. Aliandika kwa hati ile nzuri ambayo wanafunzi wake wa zamani bado wanaiiga. Alitaja siku, akataja mahali, akataja urefu wa kile chuma bila kuuliza, na bibi hakulishika hilo. Alipofika kwenye mwizi akaandika, "mtu au watu wasiojulikana." Kalamu haikusita.

"Andika mwizi akikirudisha sina kesi naye," alisema Kache. "Namtaka baba tu."

Akaandika hilo pia. Bibi akapaka dole gumba wino, akalikandamiza chini ya maneno yake, akaikunja barua mara nne kwa uangalifu mkubwa.

Kisha ndipo alipouliza habari za sherehe, na Dena ikambidi aseme, maana Nelly ameshaambiwa kwa simu na amesimama pale anasikiliza.

"Jina la baba litasomwa?"

"Litasomwa, mama."

"Kwa kipaza sauti?"

"Kwa kipaza sauti."

Kache alicheka, meno machache na furaha nyingi. "Basi nitakuja. Tangu wamzike hakuna aliyelisema jina lake mbele za watu."

Zilibaki siku tatu. Mtu mwenye haya angekwenda usiku ule ule kwa Bi Mahfudha na kumweleza. Dena alikuwa na haya, tena nyingi, lakini haya yake ilikuwa ya namna mbaya, ile inayomfunga mtu mdomo badala ya kumfunga mkono. Jumatano alijiambia atasema Alhamisi. Alhamisi alijiambia pengine bibi hatakitambua, kwa kuwa kimepakwa rangi, na akajichukia kwa kuwaza hivyo, na akaendelea kuwaza. Ijumaa alikwenda ukumbini. Bi Mahfudha alikuwa anapanga viti, ushungi umemwangukia mabegani, uso umeng'ara kwa raha.

"Bi Mahfudha, kuna jambo."

"Najua. Hotuba yako. Isizidi dakika kumi, Mwalimu, tafadhali, watu watakuwa na njaa."

Dena akafungua mdomo. Ukutani, nyuma ya kichwa cha mwenyekiti, ilikuwepo ile barua kwenye fremu, na sentensi yake ilikuwa pale pale, kina wenyewe.

"Ndilo hilo," alisema. Akabeba viti.

Jumamosi watu walijaa. Walikuja wa Mnarani na wa mjini, wakaja wazee wawili waliowahi kusukuma toroli utotoni, akaja hata yule bwana mwenye tai, safari hii bila tai kwa sababu ya joto. Kile chuma kilikuwa kimefunikwa shuka jeupe. Kache alivaa leso mpya mbili na viatu vya Nelly, akakalishwa kiti cha mbele. Bi Mahfudha mwenyewe alilisoma jina. Alilisoma polepole na kwa ukamilifu, Ngowa wa Mwaro, mtu wa breki, na kipaza sauti kikalipeleka hadi barabarani. Bibi aliitikia, "Naam," kana kwamba ameitwa yeye.

Akainuliwa, akapewa ncha ya shuka. Akavuta.

Watu walipiga makofi. Kache hakupiga. Alisimama mbele ya kile chuma cha rangi ya fedha, akakitazama juu hadi chini, kisha akanyoosha kidole akakipitisha kwenye mkato wa kwanza, wa pili, wa tatu. Makofi yakafifia yenyewe. Akavua viatu. Akakaa chini, pale pale kwenye saruji, akamwomba Nelly maji, maana tembo halikuwepo, akamimina kidogo mbele ya chuma na kuanza kusema naye kwa Kigiriama, kwa sauti ya chini, sauti ya nyumbani. Bi Mahfudha alimtazama Dena. Dena alitazama chini.

Baada ya muda bibi akageuka akiwa amekaa vile vile. Macho yake yalikuwa yamelowa na uso wote umefunguka.

"Ni yeye," aliwaambia watu. "Ni baba. Aliibwa, nikamwendea huyu mwalimu, Jumanne hii hii, akaniandikia barua, na leo amenitolea baba mbele ya watu wote. Mimi nilidhani watu wa kusoma husahau. Mwalimu, njoo nikushike mkono. Mulungu akulipe."

Watu waliinuka vitini. Wakampigia makofi Mwalimu Dena kuliko walivyopata kumpigia katika maisha yake yote, na yule bwana wa Mombasa alikuwa wa kwanza kusimama. Hayo ndiyo makofi aliyoyataka kwa miezi minane. Yalimpiga usoni, moja moja. Kipaza sauti kikawekwa mkononi mwake, naye akasogea hadi mbele ya bibi, akapiga magoti.

Kipaza sauti alikiweka chini. Akatia mkono mfukoni, akatoa kile kitambaa chekundu kilichopauka, akakiweka kwenye kiganja cha Kache.

Bibi alikitazama. Alikijua, alikikata mwenyewe kutoka kwenye leso yake, akakifunga mwenyewe baada ya mavuno ya mwaka uliotangulia. Chuma kinaweza kuonekana kwa mnunuzi wa vyuma, kwa polisi, popote. Kitambaa hakuna awezaye kuwa nacho ila aliyekifungua. Ule uwazi wa uso wake ulijifunga polepole, na Dena aliuona ukijifunga, hakuweza hata kugeuza macho.

"Basi ile barua," alisema Kache, bila hasira, kama mtu anayeuliza njia, "ulipokuwa ukiiandika, ulikuwa unamtafuta nani?"

Kipaza sauti kilikuwa pale chini, hakijazimwa, na swali lile lilikuwa limefika hadi barabarani.

Biriani ya siku ile haikuliwa kwa utamu. Watu walikula haraka wakaondoka kwa makundi madogo, na hakuna aliyemsogelea Mwalimu Dena isipokuwa Jimmy, aliyekuja akasimama karibu naye, akakohoa, akasema, "Nilikuuliza, mwalimu." Wala hakusema kwa kumlaumu. Alionekana naye anaona aibu. Bi Mahfudha aliingia ukumbini peke yake, akapanda juu ya kiti na umri wake ule, akaishusha ile fremu, akaigeuza uso kwa ukuta.

"Nitaitundika tena siku tutakapoistahili," alisema. "Wewe ulificha. Na mimi niliuliza swali moja tu, nikatosheka na jibu, kwa kuwa nililitaka jibu hilo."

Kache hakutaka polisi. Alikuwa ameshasema hana kesi, na mambo aliyoyatia dole gumba hakuyatangua. Alitaka jambo moja: aliyemtoa baba ndiye amrudishe, kwa mikono yake, na kesho.

Jumapili asubuhi, wakati Emily akiimba kanisani, mumewe alikuwa kwenye mahame akichimba. Jimmy alikuwa amelivunja zege na kuiondoa rangi ya fedha kwa brashi ya waya, hadi kutu ikarudi. Bi Mahfudha alikuja, akakaa kwenye pikapu na buibui lake, akasema ibada hii si yake lakini kosa ni lake, kwa hiyo atakuwepo. Wale wazee wawili wa toroli nao walikuja. Dena alichimba peke yake. Alikitafuta kile kifuu kichakani kwa mikono, akakipata, akakifukia nusu mahali pake. Alipokisimamisha chuma na kushindilia udongo kwa kisigino, viganja vyake vilikuwa vimechubuka, naye akafurahia kuchubuka kule kidogo.

Kache akafunga kitambaa kipya. Akamimina tembo ndani ya kifuu. Kisha akamwashiria Dena apige magoti.

"Mwambie wewe ni nani, uliyemtoa na sasa umemrudisha. Atajuaje? Sema jina."

"Mimi ni Mwalimu Dena," alianza.

"Mwalimu mwache huko shuleni. Baba hakusoma. Jina."

"Dena."

"Wa nani?"

Hilo hakulitarajia, ingawa angepaswa. Mtu hajitambulishi kwa wazee kwa jina moja kama ndege. Baba yake, Lewa, alikuwa mtu wa heshima. Alikufa bila mtu kumdai hata sindano. Alikuwa amekuja kulipa aibu yake, na sasa alitakiwa amlete baba yake mbele ya mtu aliyemkosea, amsimamishe pale.

"Dena wa Lewa," alisema.

"Umefanya nini?"

"Nilikuiba," alimwambia kile chuma, kwa Kigiriama, kwa sauti ya kunong'ona. "Nilikujua, na nikakuiba."

Kache alitikisa kichwa.

"Hajasikia," alisema. "Baba alikuwa mzito wa masikio. Zile toroli zilimwua masikio kabla hazijamwua mwenyewe. Sema kwa nguvu."

Dena akageuza macho, akawaona Jimmy na wazee wawili, na Bi Mahfudha ndani ya pikapu ameteremsha kioo. Akavuta pumzi, akasema tena, kwa sauti ya darasani.